Maswali ya mezani kwa fundi wa simu, Kisumu: ipi ununue, na iliyo mkononi inaumwa nini

Meza yangu iko mjini Kisumu, hatua chache kutoka stendi ya mabasi, mahali ambapo makanga wa Busia na Siaya wanaitana tangu alfajiri. Juu yake kuna taa, blowa ya hewa moto, mkebe wa skrubu, na mbele yake watu wanaouliza maswali yale yale. Haya ndiyo yanayorudi kila wiki. Bei sijaweka, maana ya Jumatatu si ya Ijumaa.

Fundi, kwa hizi simu za sasa, ipi ndiyo nzuri?

Jibu langu huwakera watu: nzuri ni ile ambayo skrini yake inapatikana mjini leo. Simu mpya zote zinapiga picha, zote zinafungua WhatsApp, zote zinang'aa dukani. Tofauti utaiona siku itakapokuponyoka pale Kondele ukishuka kwenye matatu. Kama ni Samsung ya familia ya A, Tecno Spark, Infinix Hot au Redmi ya kawaida, natuma kijana dukani na kabla hujamaliza chai skrini imefika. Kama ni Pixel ya Google, au Oppo ya toleo lililonunuliwa na watu wachache, skrini itaagizwa Nairobi, na wewe utashinda na kabambe mpaka basi lifike nayo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika jina la simu lote, si "Tecno" tu bali hadi neno la mwisho, kisha nenda kwa mafundi wawili wasiojuana uwaulize: skrini ya hii ni ngapi, na mnayo? Wakitaja bei bila kufikiri, nunua. Wakianza kukuna kichwa, pesa irudi mfukoni.

Hilo neno la mwisho lina uzito. Simu iliyoandikwa "Pro" na nduguye asiye na "Pro" zinaweza kufanana kwa nje kama mayai, na skrini zao zisiingiliane hata kidogo.

Tecno, Infinix na itel zina tofauti gani?

Ni ndugu wa baba mmoja. Zote tatu ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen, China. itel ni ya kuanzia maisha, Tecno imejijengea jina kwenye kamera kupitia Camon zake, na Infinix inawafuata vijana wa gemu. Uzuri wao ni betri kubwa (mAh 5000 imekuwa jambo la kawaida), laini mbili na vipuri tele. Ubaya wao, hasa zile za bei ya chini, ni programu ambazo hukuziomba, matangazo yanayojipenyeza hata pale usipoyatarajia, na masasisho ya Android yanayokoma mapema.

Nimeuziwa simu ya RAM GB 8. Mbona inakwama kama ya GB 4?

Kwa sababu huenda ni ya GB 4. Nami nimeliwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikucheki. Nilimnunulia dada yangu simu kwenye duka moja mjini, karatasi ya dirishani imeandikwa GB 8 kwa wino mwekundu. Nyumbani nikafungua mipangilio nikakuta "4+4". Nne za kwanza ndizo RAM ya kweli, yaani kumbukumbu ambamo programu zinafanyia kazi. Nne za pili ni kipande cha hifadhi, ile ile ya kuwekea picha, kilichoazimwa kufanya kazi ya RAM. Kinasaidia kidogo programu za nyuma zisijifunge, lakini kasi yake haikaribii ya RAM yenyewe. Ni kama mwenye nyumba anayekuhesabia veranda kuwa chumba cha kulala.

Niliporudi kulalamika, muuzaji akanitazama kwa huruma. "Lakini kaka, nne na nne si ni nane?" Hesabu yake ilikuwa sawa.

Basi, ukiwa dukani, fungua mipangilio, ingia sehemu ya taarifa za simu, usome RAM mwenyewe. Ukiona alama ya kujumlisha, hesabu namba ya kushoto peke yake. Leo sishauri mtu anunue chini ya GB 4 halisi, na ukimudu 6 utapumua. Za GB 2 zenye Android Go, ile Android iliyopunguzwa uzito, ni za kupiga simu, WhatsApp na basi. Usimpe mtoto wa chuo.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye karatasi ya dirishani: aina ya hifadhi. Simu nyingi za bei ya chini bado zina eMMC, za kati na za juu zina UFS, ambayo inasoma na kuandika haraka zaidi. Simu mbili zenye GB 128 si sawa. Ile ya eMMC ikikaribia kujaa utabonyeza herufi moja na kuisubiri kama mgeni wa Nairobi.

Samsung ya A au Infinix ya bei ile ile?

Hapa wateja wangu hugawanyika kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Mimi naangalia utakaa nayo muda gani.

Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Kwa simu ya daraja lile, ahadi hiyo haikuwa imezoeleka. Galaxy S24 ya Januari 2024 iliahidiwa miaka saba, kama Pixel 8 ya Google iliyotangulia mwaka 2023, lakini hizo ni simu za watu wengine. Masasisho si pambo: programu za benki zinakataa simu zilizozeeka, na matundu ya usalama yasiyozibwa ndiyo wezi wanapitia.

Upande wa pili, Infinix ya bei hiyo hiyo mara nyingi itakupa chaja ya kasi ndani ya boksi na hifadhi kubwa zaidi. Samsung wanakupa waya, chaja utajijua. Halafu kuna skrini. A06 ina LCD. A16 ina AMOLED, rangi tamu, nyeusi ni nyeusi kweli, ila siku ikipasuka bei ya skrini halisi itakufanya ukae chini kwanza.

Mtu wa kukaa na simu miaka mitano, achukue Samsung. Mtu wa kubadilisha kila baada ya mwaka na nusu, Infinix, afurahie ujana.

Mstari wa kijani umetokea kwenye skrini na simu haikuanguka. Unaweza kuufuta?

Siwezi. Huo ni ugonjwa wa skrini za AMOLED, kijani au waridi, juu hadi chini, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kosa liko kwenye skrini yenyewe au pale inapoungana na utepe wake wa nyaya, si kwenye programu, hata kama ulitokea asubuhi baada ya kusasisha. Malalamiko ya namna hiyo yameziandama Samsung za familia ya S na OnePlus, mpaka kule India kampuni hizo zikawabadilishia baadhi ya wateja skrini bila malipo. Fundi anayekuambia ataufuta kwa kuflashi, yaani kuiwekea simu programu upya, anatafuta nauli ya kurudi kwao.

Kama waranti bado iko hai, nenda kituo cha kampuni kabla mimi sijaigusa. Nikishaifungua, waranti imekwenda.

Skrini "orijino" na "kopi" nitazijuaje?

Iwashe nje, kwenye jua. Kopi ya LCD iliyowekwa mahali pa AMOLED itafifia, nyeusi itakuwa ya kijivu, na ukiitazama pembeni rangi zinageuka. Alama ya kidole iliyo chini ya kioo itaacha kufanya kazi, kwa sababu kihisi kile kinahitaji mwanga upite kwenye AMOLED. Kopi pia ni nene zaidi, kwa hiyo ukipitisha ukucha pembeni utaisikia imechomoza kwenye fremu.

Sisemi kopi ni dhambi. Simu ya miaka minne, mwenyewe anataka ifike Desemba, naiwekea kopi bila aibu. Dhambi ni kumlipisha mtu ya orijino.

Betri inaisha kabla ya saa sita mchana. Nibadilishe?

Pengine. Betri za simu hizi zote ni za lithiamu, na zinazeeka kwa mizunguko. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya kujaa kabisa. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Kama unamaliza chaji nzima kila siku, 500 ni karibu mwaka mmoja na nusu. Hakuna fundi wala dua ya kuirudisha.

Kinachoizeesha kabla ya wakati ni joto na kukaa imejaa pomoni. Joto la Kisumu mnalijua. Simu iliyo juu ya dashibodi ya matatu saa nane mchana, inachajiwa, ina kava nene la mpira, ramani inawaka: hiyo haichajiwi, inapikwa. Ukiweza, vua kava wakati wa kuchaji, na kama simu yako ina kipengele cha kuzuia chaji isipite asilimia 80, kiwashe. Kuchaji usiku kucha si hatari yenyewe, simu inajikatia, ila isilale chini ya mto.

Sasa hatari yenyewe. Kuna kipimo kisichohitaji fundi. Vua kava, ilaze simu chali kwenye meza iliyonyooka, izungushe kwa kidole kama mtoto anavyozungusha chupa. Simu yenye mgongo ulionyooka inakwaruza na kusimama. Ikizunguka kama pia, mgongo umevimba na betri ina gesi. Kama kamera imechomoza nyuma na kipimo hakifai, angalia pembeni: skrini imeanza kuachana na fremu?

Ikivimba usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliingiza kijiti cha chuma chini ya betri iliyogandishwa kwa gundi. Ikatoa mlio kama soda inayofunguliwa, harufu tamu ikapanda, kisha moshi. Nikaikamata na koleo nikairusha nje kwenye mchanga, watu wakakimbia wakidhani ni kitu kingine. Kovu liko kwenye kidole gumba cha kushoto. Tangu siku hiyo natumia kadi ya plastiki na spiriti ya kulegeza gundi, na mteja akiniharakisha namwonyesha kidole.

Hata wakubwa yamewakuta. Galaxy Note 7 ya 2016 iliondolewa sokoni dunia nzima kwa sababu ya betri kuwaka moto. Januari 2025 Google walituma sasisho lililopunguza uwezo wa betri wa baadhi ya Pixel 4a, na Julai mwaka huo ikawa zamu ya Pixel 6a. Kwa hiyo mtu akiniambia "nilisasisha tu, betri ikaanza kuisha", kwanza namuuliza ni simu gani. Mara nyingi lakini ni jambo dogo: baada ya sasisho kubwa simu inapanga upya mafaili yake kwa siku moja au mbili, na chaji inaliwa. Ipe muda huo kabla ya kuja kwangu.

Haichaji, au inachaji ukiushika waya kwa pembe.

Kabla hujaileta, izime, chukua kijiti cha meno cha mbao, ukwaruze taratibu ndani ya tundu la chaji. Si sindano, si pini: chuma kinaunganisha nyaya zisizotakiwa kuungana. Utashangaa kinachotoka. Mama mmoja wa soko la Kibuye nilimtolea pamba ya mfukoni, unga, na kitu kilichofanana sana na mkia wa omena. Tulicheka, akaenda, sikumlipisha.

Tundu likiwa safi, badilisha waya kabla ya chaja, na chaja kabla ya simu. Vikishindikana vyote, ndipo tubadilishe kibao cha chaji, ambacho kwenye simu nyingi za Android ni kipande kidogo pale chini, kazi ya muda mfupi.

Kuhusu kasi: chaja zina lugha. Chaja ya Infinix ya wati 33 ukiichomeka kwenye Samsung, zinaweza zisielewane, zikakubaliana kwenda polepole. Hakuna kilichoharibika. Na stima ikipotea ghafla, chomoa chaja ukutani. Nimezika chaja nyingi zilizokufa sekunde stima iliporudi.

Imeanguka majini. Niiweke kwenye mchele?

Mzee mmoja, mvuvi wa Dunga, aliniletea simu ikiwa bado ndani ya mfuko wa mchele.

"Fundi, imelala humu siku tatu."

"Pole, mzee. Umejaribu kuichaji?"

"Kila jioni. Naona haitaki."

Niliitoa. Punje moja ilikuwa imevimba na kukwama ndani ya tundu la chaji kama jino. Nilipofungua mgongo, pembeni ya kiunganishi cha betri kulikuwa na kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Mchele ulikuwa umekauka vizuri kabisa. Simu ndiyo haikuwa.

Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vipande vya bodi, na unaacha vumbi na punje ndani. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliandika kwenye mwongozo wao kwamba usiweke iPhone kwenye mchele. Kinachoua simu si maji peke yake bali maji pamoja na umeme, na yule mzee aliupeleka umeme kila jioni kwa mkono wake.

Fanya hivi: izime, usijaribu "kuona kama inawaka". Toa laini na kadi. Ielekeze tundu chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iache penye upepo, si juani wala jikoni. Ilete siku hiyo hiyo kama unaweza, tuifungue na kuisafisha kwa spiriti kabla kutu haijaanza. Maji ya ziwa yana nafuu. Soda ni mbaya, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi, ile yetu, ndiyo mbaya kuliko zote.

Wanaoniambia "lakini yangu haiingizi maji" wasome namba ya IP, kipimo cha kuzuia vumbi na maji. IP67, kama ya Galaxy A55, ni maji safi, mita 1, dakika 30, simu ikiwa mpya. IP54, kama ya A16, ni mnyunyizo tu. Na zote zinategemea gundi. Ikishaanguka vibaya au ikifunguliwa na fundi, mimi nikiwemo, ihesabu kuwa inaingiza.

Naendesha boda boda, simu iko kwenye usukani. Kamera imeanza kutetemeka na kutoa mlio. Kwa nini?

Kwa sababu ya pikipiki. Kamera nyingi za simu za bei ya juu zina lenzi inayoelea kwenye sumaku ili picha isitikisike mkono ukitikisika. Mtetemo wa injini, siku nzima, unaichosha. Septemba 2021 Apple walitoa onyo rasmi kwamba mitetemo ya injini za pikipiki kubwa inaweza kuharibu kamera ya iPhone iliyofungwa kwenye usukani. Hata kwa pikipiki ndogo walishauri kutumia kishikilio chenye mpira wa kupunguza mtetemo. Walikuwa wanawafikiria watu wa matembezi ya Jumapili. Wewe unatoka Manyatta saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku, barabara yenyewe ndiyo ile.

Ushauri wangu: kwenye usukani weka simu ya bei nafuu isiyo na lenzi ya kuelea. Ile nzuri ikae mfukoni.

iPhone ya ex-UK, ninunue?

Ex-UK ni simu iliyokwisha kutumika Uingereza. Unanunua historia ya mtu mwingine, kwa hiyo isome. Nimeona ex-UK zilizo safi kuliko mpya, na nimeona zilizokusanywa kutoka kwa maiti nne.

Kwanza afya ya betri, iko kwenye mipangilio. Chini ya 80, hesabu bei ya betri juu ya bei ya simu. Ikiwa 100 kwenye simu ya miaka mitano, betri imebadilishwa, au namba imechezewa. Pili, tangu iOS 15.2 (iOS ndiyo mfumo wa iPhone), ukurasa wa taarifa za simu unaonyesha sehemu zilizobadilishwa. Ukiona betri, skrini au kamera imeandikwa haijulikani, muulize muuzaji, na usikubali "hiyo ni kawaida". Tatu, jaribu kuifungua kwa uso. Vifaa vya Face ID vimefungwa ndoa na bodi yake. Vikiharibika, kuchukua vya simu nyingine hakusaidii hivi hivi. Nne, hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye zamani imetoka, mbele ya macho yako. Isipotoka, umenunua kioo cha kujitazamia.

Tano, na hili linawauma wengi: iPhone 14 na za baada yake zilizouzwa Marekani hazina mahali pa kuweka laini. Zinatumia eSIM tu, laini iliyo ndani ya simu isiyo na kadi. Geuza simu, tafuta kidirisha cha laini kabla hata ya kuuliza bei.

Ipi? iOS 26 ya Septemba 2025 iliziacha XR na XS nyuma, iPhone 11 ikabaki ndani. Kwa hiyo XR inayouzwa kwa bei ya kutupa ina sababu ya kutupwa. iPhone 15 ndiyo ya kwanza kuwa na tundu la Type-C, waya mmoja na simu za nyumba nzima, na mimi naliona hilo kubwa kuliko kamera yake.

WhatsApp imekataa kufunguka kwenye simu yangu ya zamani. Unaweza kuirudisha?

Hapana. Tangu Januari 2025 WhatsApp haikubali Android 4.4, na tangu Mei mwaka huo inataka iPhone yenye iOS 15.1 kwenda mbele, jambo lililozitoa iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mtu akikuuzia iPhone 6 leo, anakuuzia picha za kumbukumbu.

Matangazo yanafunika skrini hata nikiwa sijafungua kitu.

Ni programu mojawapo uliyoiweka, mara nyingi tochi, kisafisha simu au gemu. Tangazo likitokea, bonyeza kitufe cha programu za karibuni uone jina lililo juu. Ifute. Isipoonekana, ingia kwenye mipangilio, tafuta ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, uzime zote usizozijua. Na zile faili za kusakinisha zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, eti bando za bure: hakuna bando la bure.

Simu imejaa, na nimefuta picha zote.

Si picha zako, ni za kikundi. Huku kwetu mtu mmoja yuko kwenye kamati tatu za mazishi, mbili za harusi, kikundi cha wazazi na cha kanisa, na kila kimoja kinapakua video zile zile. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi inayopanga mafaili makubwa kwanza. Anza hapo, kisha zima upakuaji wa kujiendesha. Nimewahi kuokoa GB 19 kwa mwenyekiti wa kamati moja bila kumfutia hata picha ya mjukuu.

Nahitaji 5G?

Safaricom walipoanza majaribio ya 5G Machi 2021, Kisumu, Kakamega na Kisii zilikuwa pamoja na Nairobi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hatuko nyuma. Lakini kama kazi yako ni WhatsApp, M-Pesa na YouTube, 4G nzuri inatosha. Usipunguze RAM ili upate 5G.

Simu niliyochukua kwa mkopo imejifunga. Nifungulie.

Hapana. Kufuli hilo limewekwa ndani ya mfumo na mwenye mkopo; wanaodai kulivunja mara nyingi huiacha simu ikiwa tofali, na deni linabaki. Lipa, au zungumza nao.

Na iliyofungwa na akaunti ya Google?

Kama ni yako, kumbuka anwani na nenosiri, tutaifungua kwa njia halali kupitia Google. Kama uliinunua kwa mtu barabarani bila risiti, mrudie huyo mtu. Piga *#06# uone namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako peke yake, ilinganishe na ya boksi. Wengi wamesahau kwamba mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao, na watu waliamka na simu zisizoshika hata tone la mtandao.

Nikikuachia simu, pesa zangu ziko salama?

Toa laini uondoke nayo. Fundi hahitaji laini yako kubadilisha skrini, na hahitaji PIN ya M-Pesa kwa kazi yoyote duniani. Akiiomba, chukua simu yako. Nenosiri la kufungulia skrini ninaweza kulihitaji ili nijaribu kamera na vipaza sauti. Kama hutaki kunipa, ngoja hapa kwenye benchi, uifungue mwenyewe nikimaliza.

Kabla ya kuondoka jaribu kila kitu mbele yangu: piga simu, jirekodi, piga picha ya mbele na ya nyuma, washa Wi-Fi, chomeka chaja. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# inafungua ukurasa wa kujaribu rangi za skrini, kugusa na vihisi vyote. Nitakusubiri. Afadhali dakika tano hapa kuliko kurudi kesho tukiulizana nani aliharibu maikrofoni.

Hii mulika mwizi yangu bado ina kazi, au niitupe?

Usiitupe. Hata mimi ninayo, itel ya vibonye, ufa mmoja kwenye kona, betri inakaa siku nne. Laini ya M-Pesa ya kazi imo humo: *334# inafanya kila ninachohitaji, na hakuna anayeitamani kwenye matatu.